Kabla Hujamwita Mpima Shambani Kwako Lushoto

Ardhi ya Usambara imebanana. Soni hadi Mtae, vishamba vimepangana mlimani, na ugomvi wa hatua mbili za mpaka hurithishwa kama jembe. Kumpata mpima si kazi ya kumwachia shemeji anayemjua "kijana mwenye GPS".

1. Usajili kwanza, bei baadaye. Sheria ya mwaka 1977 iliunda baraza la taifa la kusajili wapima wataalamu. Ndilo linalohakiki sifa zao, kutunza daftari la majina na kuwawajibisha wanaoboronga. Asiyesajiliwa akikosea, utamshtaki wapi? Mwenyekiti wa kitongoji hawezi kumfutia leseni asiyokuwa nayo.

2. Jua unamtafuta nani. Mpima ardhi huweka mipaka. Ukitaka mkopo kwa dhamana ya nyumba, unamhitaji mthamini, mwenye sheria na bodi yake tangu 2016. Gharama za ujenzi ni za mkadiriaji majenzi, naye ana bodi nyingine. Anayejidai kuwa wote watatu, shika pochi yako.

3. Mteremko hula mita. Hapa ndipo wapima wengi hutukanwa bure. Ramani huhesabu umbali wa mlalo, kana kwamba mlima umesawazishwa. Vuta tepu mita 100 kwenye mteremko wa nyuzi 30. Kwenye ramani zitabaki kama 87. Hujaibiwa. Mwombe mpima akuonyeshe hesabu. Ukiwa mnunuzi, mbane muuzaji: ukubwa anaoutaja aliupata kwa kukanyaga matuta au kwenye ramani?

4. Waite majirani wote na uongozi wa kijiji. Masale aliyopanda babu, mtaro, jiwe kubwa: vionyeshwe kabla bikoni hazijachimbiwa. Akina mama nao waitwe. Wao ndio wanaolima, mpaka wanaujua kwa miguu. Mkishindwana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, 3 wakiwa wanawake.

5. Bondeni, uliza habari za mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Shamba zuri la kabichi linaweza kuwa lote humo.

6. Dai ramani iliyoidhinishwa. Kwa kiwanja cha kupimiwa hati, bikoni zisizo na ramani iliyopitishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani ni zege tu. Malipo ya mwisho yasubiri hadi nakala uishike mkononi.