Ndugu, Umejibu Barua?



Likizo hii niko nyumbani, Nyaishozi. Juzi usiku mvua ilinyesha, na baridi ya Karagwe mnaijua. Nikajifunika blanketi, nikafungua kompyuta, nikatazama filamu ya zamani kidogo: About Schmidt, ya mwaka 2002, iliyoongozwa na Alexander Payne. Nilianza kwa kucheka, nikamaliza kwa machozi. Leo naomba tujifunze kitu kutoka humo. (Angalizo: ina lugha ya watu wazima na kipande cha mtu aliye uchi, hivyo msiitazame na wadogo zenu.)

Kisa chenyewe

Warren Schmidt, anayeigizwa na Jack Nicholson, ni mzee wa miaka 66 huko Omaha, Marekani. Amestaafu kazi ya bima. Muda si mrefu mke wake, Helen, anafariki ghafla. Binti yao wa pekee yuko mbali, Denver, anajiandaa kuolewa na mwanaume ambaye mzee hamkubali kabisa. Basi anapanda gari lake kubwa, lile lenye kitanda na jiko ndani, anaanza safari peke yake.

Kabla ya msiba alikuwa ameona tangazo kwenye runinga, akaanza kumfadhili yatima wa Tanzania kwa dola 22 kwa mwezi. Jina la mtoto? Ndugu! Kusema kweli, hapo nilicheka. Halafu anamwandikia barua ndefu, analalamika kuhusu mke wake na kijana aliyechukua nafasi yake kazini. Mwishoni anasema anaelewa kwamba mtoto ana haraka ya kwenda kubadilisha hundi apate chakula. Mtoto wa miaka sita, kijijini!

Lakini ngoja. Mzee huyu hana mtu mwingine wa kumwambia yaliyo moyoni. Anaporudi nyumbani baada ya harusi, anaona maisha yake hayajamsaidia mtu yeyote. Ndipo anakuta barua kutoka kwa mtawa anayehudumu kijijini karibu na Mbeya. Ndugu hajui kusoma wala kuandika, ila barua zote zimemfikia, na kila siku anamkumbuka. Ndani kuna picha aliyoichora: mtu mkubwa na mtoto wameshikana mikono. Mzee anaitazama, analia. Filamu inaishia hapo.

Kwa nini nililia

Kwa sababu mimi nilikuwa Ndugu.

Nikiwa shule ya msingi nilikuwa na mfadhili, babu mmoja wa Ulaya. Kila alipoandika, nilijibu kwa maneno tuliyonakili ubaoni: mimi ni mzima, natumaini na wewe ni mzima, asante kwa msaada. Siku moja aliandika kwamba mke wake amefariki, na kwamba sasa anakula amesimama jikoni, kwa kuwa kukaa mezani peke yake kunamshinda. Nilipitisha macho haraka nikitafuta habari za ada. Mama akaniuliza, "Umempa pole?" Nikanyamaza. Nikajibu yaleyale: mimi ni mzima.

Baadaye barua zilikoma. Tukaambiwa amefariki.

Tunajifunza nini?

*Kwanza, anayetoa naye ni mhitaji.* Darasani kwenye falsafa tulisoma Aristotle akisema kwamba hakuna anayeweza kuchagua kuishi bila marafiki, hata angekuwa na mema mengine yote. Kitabu cha Mwanzo 2:18 kilishatuambia: si vema mtu awe peke yake. Mimi nilidhani umaskini ni wa kwetu tu.

*Pili, anayepokea anacho cha kutoa.* Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 24, unafundisha kwamba mtu hujipata kikamilifu anapojitoa kwa wengine. Haukusema mtu tajiri, umesema mtu. Ndugu alitoa karatasi na rangi. Mimi nilidaiwa neno moja tu, "pole", nikalibania.

*Tatu, jina ni wito.* Mzee yule hakujua kwamba kila alipoandika "Ndugu", alikuwa anamwita mtoto wa mbali kaka yake. Sisi tunaolijua neno hilo tunalitumia kila siku, "ndugu zangu katika Kristo", halafu tunapita mlangoni kwa mzee mpweke bila kubisha hodi.

Kazi ya wiki hii

Katika jumuiya yenu yupo mstaafu, mjane au bibi ambaye watoto wake wako Bukoba, Mwanza au Dar. Nenda kwake. Usiishie kupeleka sukari na kupiga picha. Kaa chini, muulize habari za ujana wake, sikiliza hadi mwisho. Na kama kuna anayekulipia ada, awe shangazi, padre au mtu usiyemwona, leo mwandikie bila kuomba kitu. Muulize, "Wewe unaendeleaje?"

Mimi nimemwombea misa babu yangu yule. Barua yangu imechelewa, ila naamini kwa Mungu inafika.

Tusali: Ee Bwana, uliyewaita marafiki wale waliokufuata, utufundishe kupokea kama ndugu, si kama wadai. Uwatazame wote wanaokula peke yao usiku huu. Amina.

Frateri wenu, Nyaishozi.