Gari Jipya, Gereji Kila Wiki

Mdogo wangu, hongera ya gari. Najua hongera zenyewe zimeanza kukuchosha, maana kila anayekupongeza unamjibu huku taa ya injini inakukodolea macho kwenye dashibodi. Wengi wenu mnauliza jambo lilelile: nimenunua gari jipya, si la yadi, si la mkononi, kilomita sufuri, na bado linalala gereji zaidi kuliko linavyolala nyumbani kwangu. Na karibu wote mnamalizia hivi: "Lakini Dada, wameniambia nisiwe na wasiwasi, liko chini ya waranti."

Hapo kwenye kutokuwa na wasiwasi ndipo ninapotaka tukae.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, na nzuri tu, itumie. Ila haki zako haziishii kwenye kile kijitabu. Hapa Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya tangu 1931, na inasema kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuuza kitu fulani akikuuzia, lazima kitu hicho kiwe na ubora unaostahili kuuzwa, hata kama mkataba haukutaja neno hilo. Deni hilo ni la muuzaji, yule aliyekuandikia risiti. Akikwambia "tunasubiri jibu la kiwanda Japani," mjibu kwa upole kwamba ya kiwanda ni yake na kiwanda. Wewe hukununua Japani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, ikakupa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Kisha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ikafunga mlango: mkataba hauwezi kukuvua ulinzi ule wa 1931. Kwa hiyo yale maandishi madogo ya "gari likishatoka halirudishwi" yasikutishe.

Sasa sikiliza penye mtego. Sheria hiyohiyo ya 1931 inayokuruhusu kulikataa gari bovu na kudai pesa zako inakunyang'anya ruhusa hiyo ukishahesabiwa kuwa umelikubali. Na kulikubali si lazima useme. Ukikaa nalo muda unaofaa bila kumwambia muuzaji kwamba unalikataa, basi umelikubali. Utabaki na haki ya fidia tu, na gari utabaki nalo. Muda unaofaa ni siku ngapi? Sheria haikutaja.

Nikupe kisa kimoja cha Uingereza, maana sheria yetu ilichotwa kwenye yao ya 1893, karibu neno kwa neno. Bwana mmoja alinunua Nissan mpya. Wiki tatu baadaye, akiwa amelitembeza kilomita kama 225 tu, injini ikakaba barabarani. Tone la gundi ya kiwandani lilikuwa limeziba njia ya oili. Katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1987 jaji akakubali kwamba gari lilikuwa bovu, hilo halikuwa na ubishi. Lakini, akasema, wiki tatu zilitosha kulijaribu, kwa hiyo mwenyewe alikuwa ameshalikubali. Akapewa fidia, kulirudisha akanyimwa. Mimi naiona hukumu ile kuwa kali mno, kwa kuwa tone lililojificha ndani ya injini hakuna mnunuzi angeliona. Waingereza wenyewe wamebadilisha sheria yao: tangu Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kulikataa gari bovu, na zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kulitengeneza, akishindwa linarudi. Binamu yako aliyeko Leicester ana siku zake zimeandikwa. Wewe uliyeko Nakuru umebaki na "muda unaofaa," na hukumu za kule hazimfungi jaji wetu, ila mahakama zetu huzisoma.

Katika ripoti za mwaka huohuo kuna hukumu nyingine, ya Mahakama ya Rufaa ya huko, ninayoipenda zaidi. Range Rover, miezi sita, kilomita zisizofika 9,000: injini ina kelele, gia zina kelele, bodi ina kasoro. Muuzaji akajitetea kwamba si linaendeshwa, na kasoro zote zinatengenezeka? Mahakama ikakataa. Anayenunua gari jipya la bei ile hanunui usafiri peke yake, ananunua na starehe, na kuliamini, na hata fahari ya kulitazama. Na kuhusu waranti ikauliza, kwa maana hii, kwani mtu mwenye waranti ategemee gari duni kuliko asiyekuwa nayo? Basi usione haya kulalamikia rangi iliyobabuka. Umeilipia.

Kinachowamaliza watu wetu ni ustaarabu. Fundi mkuu ni mcheshi, chai inaletwa, gari linaoshwa bure, unaambiwa "tuachie hadi Ijumaa." Ijumaa nne zikipita, muuzaji ana ushahidi wa mteja aliyeridhika, na wewe huna hata karatasi. Kila gari linapoingia, dai nakala ya jobu kadi yenye tarehe, kilomita na malalamiko yako kwa maneno yako. Wakiandika "ukaguzi wa kawaida" wakati umelileta kwa sababu linazima katikati ya barabara, usitie sahihi mpaka warekebishe.

Wala usilipeleke kwa fundi wako wa mtaani alifungue. Namheshimu, huenda ndiye atakayeujua ugonjwa wake, lakini akishagusa tu utaambiwa yeye ndiye aliyeharibu. Tafuta ripoti ya mkaguzi asiye na upande. AA Kenya hukagua magari. Ukishaamua kulikataa, liegeshe. Huwezi kuandika asubuhi kwamba hulitaki, jioni ukalipeleka harusini Machakos. Na usiliongezee redio wala kulibandika karatasi nyeusi za vioo.

Kama lina mkopo wa benki, endelea kulipa hata moyo ukikuuma. Benki imo kwenye logbuku pamoja nawe, na ugomvi wako na muuzaji hausimamishi mkopo. Mpe ofisa wa mkopo nakala ya malalamiko. Benki haifurahii kushikilia rehani mbovu.

Muuzaji akikaza shingo, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukidai gharama zilizokutoka, kama za kuvutwa, za teksi na za matengenezo, na hazizidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo inatakiwa kuamua ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili. Unapotaka bei nzima ya gari la milioni tatu au nne, hapo ni mahakama ya hakimu, na hapo tafuta wakili. Walioko Tanzania wana sheria yao ya mauzo, Sura ya 214, ya ukoo mmoja na yetu, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya watumiaji.

Wewe ambaye hujachukua gari bado, lichukue mchana. Kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuionyesha, sheria haikulindi nayo, kwa hiyo usitie sahihi fomu ya "nimelikagua na nimeridhika" saa moja usiku ukiwa na funguo mkononi na shangazi anapiga picha.

Aliyekwisha kuumwa, andika barua. Isiwe ndefu. Taja gari, namba ya chasisi, siku ulipolipokea, mara zote lilizoingia gereji na kilichofanywa, kisha useme waziwazi: ninalikataa gari hili, nataka kurudishiwa pesa zangu, liko mahali fulani mje mlichukue. Kisheria hulazimiki kulirudisha mwenyewe, kuwajulisha kunatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wa mapokezi akisema bosi hayupo, itume kwa barua pepe ukiwa umesimama hapohapo kaunta, na umwombe jina lake.