Maji ya chupa ya uzazi hayatibu selimundu

SWALI: Daktari, naishi Ujiji, nina mimba ya miezi saba. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka minne, ana selimundu, na mwaka huu amelazwa na kuongezewa damu zaidi ya mara moja. Ndugu yangu aliyeko Dubai amenitumia video inayosema maji ya chupa ya uzazi yana seli zinazotengeneza upya viungo na damu. Anasema chupa ikipasuka niyakinge, yahifadhiwe, kuna kliniki itamtibu mtoto. Nifanyeje? – Mama mjamzito, Ujiji

JIBU: Pole sana mama kwa kuuguza. La haraka kwanza: chupa ikipasuka usikinge chochote. Vaa pedi safi, angalia saa na rangi ya maji, kisha nenda hospitali hata kama uchungu haujaanza. Kadiri saa zinavyopita ndivyo vijidudu vinavyopata njia ya kumfikia mtoto. Maji yakiwa ya kijani, au ukihisi kitovu kimetangulia, hiyo ni dharura.

Ndugu yako hakukudanganya kwa makusudi. Video imechukua jambo la kweli ikalivuta mbali kuliko lilipofika. Maji yale katika nusu ya pili ya mimba kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Huyameza, huyavuta mapafuni, huyakojoa tena, na humo hudondosha seli za ngozi, figo, mapafu na utumbo. Mwaka 2007 Paolo De Coppi, Anthony Atala na wenzao nchini Marekani waliandika kwamba takriban asilimia 1 ya seli walizootesha kutoka kwenye maji ya vipimo vya wajawazito zilikuwa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Maabarani waliziongoza zikawa za mfupa, misuli, mafuta, neva na ini. Mwaka 2024 De Coppi, Mattia Gerli na wenzao jijini London walitumia seli za maji hayo kuotesha vipande vidogo mno vya tishu za mapafu, figo na utumbo wakati mimba ikiendelea, ili ugonjwa wa mtoto uchunguzwe kabla hajazaliwa. Ni kazi ninayoithamini sana, na naamini wajukuu zetu watafaidika nayo.

Lakini hiyo ni kazi ya maabara. Hakuna tiba ya selimundu iliyoidhinishwa inayotokana na maji ya chupa. Hata watafiti huyapata kwa sindano safi inayoongozwa na ultrasaundi, au chumbani mwa upasuaji. Yaliyokingwa kwenye beseni yamekwisha kuchanganyika na bakteria. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imewaonya wagonjwa waziwazi kuhusu kliniki zinazouza sindano za maji haya bila idhini. Mwaka 2018 wagonjwa 12 nchini humo waliripotiwa kupata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizouzwa kama seli shina za damu ya kitovu. Mtoto mwenye selimundu, ambaye wengu wake huwa umechoka mapema, ndiye wa mwisho anayepaswa kuwekwa kwenye hatari hiyo.

Nadhani video imechanganya mambo mawili. Damu ya kitovu, si maji, ina seli zinazotengeneza damu. Mwaka 1988 huko Paris, Eliane Gluckman alimtibu mtoto mwenye ugonjwa mwingine wa damu kwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Na kwa selimundu njia iliyokwisha kuponya watu ni upandikizaji wa uloto, hasa kutoka kwa ndugu wa baba na mama mmoja. Huhitaji kwenda Dubai kuitafuta. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023, na reli ya kati kutoka Kigoma inapita mji huohuo.

Hapo ndipo mimba yako inapohusika. Ikiwa watoto hawa ni wa baba mmoja, huyu ajaye ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na kaka au dada yake kiasi cha kumpa uloto, na, ikiwa ninyi wazazi wote wawili mmebeba kinasaba kimoja kimoja cha selimundu, ana nafasi 3 kati ya 4 ya kutokuwa na ugonjwa wenyewe. Ukiunganisha yote mawili, nafasi ya kupata mtoto mzima anayelingana ni 3 kati ya 16. Akiwa amebeba kinasaba kimoja bado anaweza kutoa uloto. Hata hivyo hatolewi uloto angali mchanga. Madaktari husubiri akue. Na upandikizaji wenyewe una hatari zake, dawa zake ni kali, si kila mtoto anaufaa.

Kwa hiyo, wakati ukisubiri, mlinde huyu wa kwanza kwa yale yanayofanya kazi leo: penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka mitano, chanjo zote, chandarua kila usiku kwa kuwa malaria ya mkoa wetu haimwonei huruma, maji ya kunywa ya kutosha, na uulizie haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Na ninyi wasomaji wajawazito wa vijiji vya ziwani, Kagunga, Mwamgongo, Sunuka hadi Kalya, ambako njia ya hospitali mara nyingi ni boti, sogeeni karibu na kituo chenye upasuaji wiki chache kabla ya tarehe ya kujifungua. Ziwa likichafuka, chupa haisubiri.

Nawe mama, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni na mtoto wako, uombe maelekezo ya rufaa ya Dodoma. Ukijifungua, mdogo wake apimwe selimundu mapema, kabla hajaugua. Usitume hata shilingi moja Dubai.