Saa Mbili ya Nani? Lugha na Haki ya Kusadikiwa

Ndugu wasomaji wa Jinja, Mbale na vijiji vya mpakani,

Mwaka 2007 mwanafalsafa Mwingereza Miranda Fricker alichapisha kitabu juu ya dhuluma isiyoacha jeraha: mtu kutosadikiwa, si kwa kuwa amesema uongo, bali kwa jinsi anavyoonekana au anavyosema. Dhuluma hiyo huweza kutokea kaunta ya kituo chochote cha polisi.

Chukulia mchuuzi wa Mbale anayeulizwa alikuwa wapi ng'ombe walipoibwa. Anajibu kwa Kiswahili: "Saa mbili usiku nilikuwa kwa ndugu yangu." Maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi asiye makini ataandika saa mbili ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku. Saa sita zimepotea kabla wino haujakauka. "Ndugu" naye anageuzwa kaka wa tumbo moja, ilhali aliyetajwa ni mtu wa ukoo. (Nasi tumewaita ninyi ndugu hapo juu, wala hatukuzaliwa pamoja.) Kesho yake jirani anathibitisha kwamba mama wa mchuuzi hakuzaa mwana mwingine wa kiume, na mchuuzi anaitwa mwongo.

Katiba ya 1995, ibara ya 23, inataka anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Mahakama nazo zimesisitiza kwamba ungamo la mshukiwa liandikwe kwanza kwa lugha aliyoitumia, ndipo lifasiriwe.

Marekebisho ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, tusidhani kwamba kinamstarehesha kila mtu. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi walikizoea katika amri za askari. Mzee anayehojiwa kwa lugha hiyo huenda akanyamaza kwa hofu, na kimya chake kikahesabiwa hatia. Kwa Lusoga, au kwa Lumasaba kinachosikilizana na Kibukusu cha ng'ambo ya Lwakhakha, angeeleza yote. Kwa hiyo swali la kwanza la askari na liwe: "Ungependa kusema kwa lugha gani?"

Nawe raia, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, omba usomewe maelezo yako kwa lugha uliyoyatolea. Uliza saa imeandikwa kwa hesabu ipi, na huyo ndugu yako ameandikwa kuwa mtoto wa nani.