Indiketa Kwenye Kipilefti: Mafunzo Niliyopata Barabarani

Kazi yangu yote imekuwa ya usukani: kwanza malori, kisha mabasi ya mikoani, na sasa nafundisha vijana udereva hapa Arusha. Wanaokuja kwangu hawatafuti leseni tu. Wanataka siku moja wakabidhiwe basi lenye abiria, au gari la watalii la kwenda Serengeti, na mwenye gari alale usingizi. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowarudia kila siku, kwa sababu kwenye kipilefti ndipo ninapoona haraka kuliko popote nani anaendesha huku akiwafikiria wengine.

1. Anayekusubiri hajui unakoelekea

Asubuhi moja nilikuwa na mwanafunzi pale Mnara wa Saa, tumekuja kwa Barabara ya Boma, tunasubiri kuingia. Gari likaja kutoka kulia, halina taa. Mwanafunzi akalipisha, kama nilivyomfundisha. Lile gari halikufika mbele yetu: likakata, likatokea kwa barabara ileile tuliyojia sisi. Likaja la pili, nalo likafanya vivyo hivyo. La tatu pia. Nyuma yetu honi zilishaanza. Binti akanitazama, jasho linamtoka: "Mwalimu, nimekosea wapi?" Hakukosea kitu. Nafasi ilikuwepo muda wote, ila hakuna aliyetuambia.

Ndipo nilipoelewa kuwa taa muhimu kuliko zote kwenye kipilefti ni ile ya kutokea, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Madereva wengi huikumbuka indiketa wanapoingia, wakishaingia wanaona kazi imekwisha. Lakini utaratibu wetu mzima unasimama juu ya kumpisha aliyemo ndani. Uingereza iliufanya kuwa sheria mwaka 1966, baada ya miaka ya vipilefti kuziba kwa sababu anayeingia alimfungia njia anayetaka kutoka. Sisi tunaoendesha kushoto tunaufuata hivyo: mpishe wa kulia. Sasa, wa kulia asiposema kama anatoka au anaendelea kuzunguka, anayempisha atabaki kubahatisha.

Kwa hiyo shika hivi. Ukitaka kutokea kwa barabara ya kwanza kushoto, washa ya kushoto kabla hujaingia na uiache hadi utoke. Ukinyoosha, ingia bila taa. Ukishaipita barabara iliyo kabla ya yako, washa ya kushoto. Ukienda kulia, au ukigeuza kurudi ulikotoka, washa ya kulia unapokaribia, kaa leni ya kulia, zunguka nayo, kisha ukishaipita barabara iliyo kabla ya yako badilisha iwe ya kushoto. Ukiwasha mapema mno, aliye kwenye barabara ya kabla ya yako atadhani unatokea kwake. Kwa hiyo usiguse taa ya kutokea mpaka uwe umemvuka yeye.

2. Hazadi haisemi "nanyoosha"

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu wanaolifanya wanalifanya kwa nia njema.

Daladala moja ilikuwa inaingia kwenye kipilefti ikitaka kunyoosha, dereva akawasha hazadi, taa zote pamoja, kama wengi wafanyavyo. Kwenye barabara ya kushoto kwake kulikuwa na kijana wa bodaboda anasubiri, amefunga trei za mayai nyuma. Kutoka alipokuwa, upande wa kulia wa ile daladala ulikuwa umezibwa na gari jingine. Alichokiona ni taa ya kushoto inawaka na kuzima. Kwake maana yake ilikuwa moja: huyu anatokea kwangu, njia nyeupe. Akaingia. Daladala ikanyoosha. Breki zikalia, pikipiki ikalala, mayai yakatapakaa lami yote. Kijana akainuka na goti limechubuka, nashukuru ikawa hilo tu.

Dereva akashuka anafoka: "We dogo, hukuona hazadi? Si nimekwambia nanyoosha!" Na kijana naye: "Kaka, umeniwashia kushoto!" Nilisimama pale nikiwasikiliza, na kila mmoja alikuwa anasema kweli alichokiona. Mwenye gari anaziona taa zake zote kwenye dashibodi. Mwenzake aliye pembeni anaona moja. Hazadi ni ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari. Ukinyoosha, usiwashe kitu hadi ufike wakati wa kutoka. Nawaomba sana vijana mnaoanza: tabia hii msiirithi kwetu.

3. Mazungumzo ya barabara kuu yaishie barabara kuu

Anayeendesha malori anajua. Ukiwa na gari dogo nyuma yako kwenye mlima, unamwashia kulia kumwambia asipite, kuna gari linakuja. Ukimwashia kushoto unampa ruhusa. Usiku mkipishana, unawasha ya kulia ili mwenzako aone upana wa gari lako unapoishia. Ni ustaarabu wetu, na umewaokoa wengi.

Lakini ustaarabu huo ukiingia nao mjini unageuka hatari. Niliufanya mwenyewe nikiingia Moshi na mzigo mzito: nilikuwa natambaa ndani ya kipilefti, nikamwashia kushoto aliye nyuma ili anipite. Mama aliyekuwa akisubiri na pikapu barabara ya mbele akaisoma taa ile kama inavyopaswa kusomwa, akaingia mbele yangu. Tela lenye mzigo halisimami kwa kutaka kwako. Tulikoswakoswa. Tangu hapo nikiona kibao cha kipilefti, taa zangu zinaeleza ninakokwenda mimi tu.

4. Swichi ina tabia zake

Indiketa nyingi hujizima usukani unaporudi. Kwenye kipilefti kikubwa ya kulia inaweza kukatika ungali unazunguka, na ya kushoto ikabaki inawaka baada ya kutoka kwa sababu usukani haukurudi vya kutosha. Sikiliza mlio. Mlio ukienda mbio kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja imekufa. Na ukihama kutoka gari la Kijapani, ambalo swichi iko kulia kwa usukani, kwenda la Kizungu ambalo iko kushoto, wiki ya kwanza utawasha waipa kwenye kila kona. Fanya mazoezi gari likiwa limesimama.

5. Taa ya mwenzako ni taarifa, si ahadi

Taa ya kushoto inayowaka inaweza kuwa imesahaulika tangu kona iliyopita. Tazama matairi ya mbele na mwendo: anayetoka kweli hupunguza na pua ya gari huanza kuelekea nje. Subiri uone hilo ndipo uingie. Vilevile, kuwasha kwako hakukupi haki ya kupita; kabla ya kutoka, angalia kioo cha kushoto, kwani bodaboda hupenda kujipenyeza hapo.

Na usisahau wanaotembea. Mtoto wa shule anayevuka barabara unayotaka kutokea hana kingine cha kumwambia kuwa unakuja upande wake isipokuwa taa ile. Watu huniuliza kama kuna haja ya kuwasha usiku wa manane, magari hayapo. Wapo wa miguu ambao huwaoni.

6. Ukivuka Rusumo, geuza kila kitu

Kenya na Uganda ni kama kwetu. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, unahamia kulia, na vipilefti vinazunguka kinyume. Kijana niliyemfundisha, sasa anapeleka semi-trela Kigali, alinipigia simu mpakani: "Mzee, taa ya kutokea ni ipi huku?" Nikamwambia: ni ya upande unaotokea, na huko ni kulia. Anayekwenda kushoto ndiye anayezunguka mbali, awashe ya kushoto akiingia, kisha abadilishe iwe ya kulia kabla ya kutoka. Na wa kupishwa ni aliye kushoto kwako. Akairudia yote kwenye simu, polepole, nami nikimsikiliza, kisha akawasha gari.