Dondoo muhimu: Gari kuukuu linapogoma kuwaka

Usikimbilie kununua betri. Sikiliza kwanza. Likilia "tak-tak-tak" na taa za dashibodi kufifia, umeme hautoshi. Fungua boneti utazame terminali: ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Chomoa waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, sugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, kausha, rudisha ukikaza vizuri. Mafundi wengi huruka hatua hii, na mwenye gari ndiye anayelipia. Ukipima, betri nzima iliyojaa chaji na kupumzika husoma takriban volti 12.6.

"Tak" moja huku taa ziking'aa? Shuku stata. Injini ikizunguka bila kushika, sikiliza mvumo wa pampu ya mafuta unapofungua swichi. Gari la otomatiki likinyamaza kabisa, jaribu kuliwasha kwenye N (gia huru), breki umeikanyaga.