Kufuatilia Mwenendo wa Pumzi: Somo kwa Wakimbiaji, Waendesha Baiskeli na Wahudumu wa Afya

Alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabarani, wakimbiaji huonekana kando ya Barabara ya Kilwa huko Mbagala, na wengine katika ufukwe wa Kunduchi maji yanapokupwa. Katika njia hizohizo hupita waendesha baiskeli wa aina mbili: wanaofanya mazoezi, na wanaobeba mikate au magunia ya mkaa kutafuta riziki. Wote huutumikisha moyo, mapafu na misuli, lakini ni wachache wanaoweza kusema kwa hakika kama uwezo wao umeongezeka, umebaki palepale au umepungua tangu miezi mitatu iliyopita. Somo hili linaeleza namna ya kupata jibu hilo kwa saa, daftari na kalamu, na kwa nini jibu hilo wakati mwingine humfikisha mtu kituo cha afya kabla ugonjwa haujakomaa.

Kinachopimwa

Uwezo unaozungumziwa hapa ni uwezo wa mwili kuvuta oksijeni kutoka hewani, kuisafirisha katika damu na kuitumia katika misuli. Kipimo chake kamili hufanyika maabara, mtu akikimbia juu ya mkanda wa mashine huku amevaa barakoa inayopima hewa, na matokeo hutolewa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Mwaka 1968, Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alionyesha kuwa umbali ambao mtu anaweza kukimbia kwa dakika 12 unatoa makadirio mazuri ya kiasi hicho. Kwa kanuni yake, anayefikisha mita 2,000 hukadiriwa kuwa na mililita 33 hivi, na anayefikisha mita 2,400 hukadiriwa kuwa na 42. Hata hivyo, jaribio hilo humtaka mtu atumie nguvu zake zote. Halimfai mgonjwa wa moyo, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wala mtu anayeanza mazoezi baada ya miaka mingi ya kukaa.

Njia iliyo salama zaidi ni kuufanya mwili kazi ileile ya wastani kila mara, kisha kuangalia moyo umepiga mara ngapi ili kuikamilisha. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hivyo huhitaji mapigo machache kwa kazi ileile.

Namna ya kupima

Mkimbiaji huchagua njia moja tambarare ya kilomita 3 na kuikimbia mara moja kila wiki, siku ileile na saa ileile, kwa mwendo unaomruhusu kutamka sentensi fupi. Anaposimama, papo hapo hugusa mshipa wa kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha huzidisha kwa 4. Asichelewe, kwa maana mapigo hushuka haraka mara mtu anaposimama.

Chukulia mkimbiaji wa Chamazi anayemaliza kilomita 3 kwa dakika 20, yaani mita 150 kwa dakika. Wiki ya kwanza anahesabu mapigo 40 kwa sekunde 15, sawa na 160 kwa dakika. Akigawa 150 kwa 160 anapata mita 0.94 kwa kila pigo. Baada ya wiki 10 anamaliza kwa muda uleule lakini anahesabu mapigo 37, sawa na 148, na kila pigo sasa linampeleka mita 1.01. Hajaongeza kasi hata kidogo, ila moyo wake unaifanya kazi ileile kwa nafuu zaidi.

Mwendesha baiskeli hufuata utaratibu huohuo, kwa masharti matatu: baiskeli isiwe na mzigo, magurudumu yajazwe upepo kwa kiwango kilekile, na njia iwe ya kwenda na kurudi ili upepo wa kaskazi au wa kusi usimsukume upande mmoja tu. Anayebeba mkaa siku nzima ajipime asubuhi kabla ya kazi, kwani jioni atakuwa anapima uchovu wake.

Kipimo cha pili ni mapigo ya asubuhi, yanayohesabiwa kwa dakika nzima kabla ya kuinuka kitandani. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100, na kwa wanamichezo waliozoea huweza kuwa chini ya hapo bila ubaya wowote.

Kusoma daftari

Namba ya siku moja haina uzito. Kukosea pigo moja katika sekunde 15 hubadilisha hesabu kwa mapigo 4 kwa dakika. Usingizi mchache, kahawa, upungufu wa maji mwilini na hofu pia hupandisha mapigo. Kwa sababu hiyo hulinganishwa wastani wa wiki nne na wastani wa wiki nne zilizotangulia.

Majira nayo yana sehemu yake. Joto na unyevu wa Dar es Salaam mwezi Januari na Februari huulazimisha moyo kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na mapigo hupanda ingawa uwezo haujashuka. Mkimbiaji anayelinganisha Februari na Julai hulinganisha hali ya hewa. Ulinganifu wa haki ni wa Februari hii na ile ya mwaka uliopita.

Daftari linaposhuka

Tuseme mkimbiaji yuleyule, bila kubadili njia, saa wala mwendo, anahesabu 39, kisha 41, kisha 43 katika wiki tatu mfululizo. Mapigo yamefika 172 na kila pigo linampeleka mita 0.87 tu. Wengi hapa hujilaumu kwa uvivu na kuongeza mazoezi, na hapo ndipo hatari ilipo. Damu yenye upungufu wa chembe nyekundu hubeba oksijeni kidogo, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kufidia. Malaria, kifua kikuu, matatizo ya tezi ya shingo na ugonjwa wa moyo vinaweza kuacha alama kama hiyo, na kwa mwanamke hata ujauzito. Hatua sahihi ni kupumzika, kisha kwenda kupimwa ikiwa mapigo hayarudi, huku daftari likiwa mkononi.

Maumivu ya kifua, kuzirai, moyo kwenda mrama au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida havisubiri wiki nne. Mtu huacha mazoezi mara moja na kupelekwa hospitali.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa anayesema "nachoka siku hizi" hutoa habari finyu. Mwenye daftari huonyesha mchoko ulianza lini na umefika wapi. Swali la kwanza liwe kuhusu dawa, kwa kuwa propranololi na atenololi hupunguza mapigo, na mapigo yanayoshuka baada ya kuzianza si ushahidi wa uwezo kuongezeka. Wagonjwa hao hutumia kipimo cha uzito wa kazi kutoka 0 hadi 10 kwa jinsi wanavyoihisi, au umbali wanaotembea kwa dakika sita. Swali la pili lihusu damu: kipimo cha hemoglobini ni rahisi na mara nyingi hutoa jibu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Daftari halichukui nafasi ya dakika hizo wala ya daktari. Kazi yake ni kumwonyesha mtu, kwa maandishi yake mwenyewe, kama dakika hizo zinaujenga mwili wake, au kama mwili umeanza kuomba msaada.